NOTAM: Tangazo la Wazi Lisilosomeka, na Watu Waliokufa Likiwa Mezani

Kama umewahi kupanda ndege za ndani, lile tangazo unalijua. Spika inakwaruza kidogo, kisha sauti ya upole inasema safari itachelewa "kutokana na sababu za kiuendeshaji", tunaomba radhi kwa usumbufu. Basi. Hakuna anayefafanua sababu hizo ni zipi. Watu wananunua maji, wanapiga simu nyumbani, wanalalamika kwa sauti ya chini, halafu wanakaa.

Mimi lilinikuta jioni moja kwenye kiwanja kidogo cha mkoani. Kiti cha jirani alikaa kijana anayesomea urubani. Akafungua simu, akasoma kitu kwa sekunde kama kumi hivi, akaniambia: "Dada, ikipita saa mbili hatujaondoka, leo tunalala hapa. Kule tunakokwenda njia ya kurukia inafungwa saa tatu kamili, kuna matengenezo." Mzee mmoja aliyekaa nyuma yetu akainama mbele. "Sasa hiyo siri ya serikali umeipata wapi, mwanangu?" Kijana akacheka. "Si siri, mzee wangu. Ni tangazo la wazi, limetoka tangu wiki iliyopita." Akatupa simu tusome. Tukatazama wote wawili, mimi na shahada yangu ya sayansi, mzee na miwani yake, na hakuna aliyeambulia hata mstari mmoja.

Tangazo hilo linaitwa NOTAM, yaani notisi kwa marubani. Kila nchi yenye anga inatoa, na kwa dunia nzima ni zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Leo nataka tulisome pamoja, kisha nikueleze kwa nini limeandikwa hivyo, kwa sababu historia yake imejaa meli, mitambo ya simu za maandishi, na ajali ambazo tangazo lilikuwepo mezani kabisa.

Tuanze na mfano. Huu nimeutunga mwenyewe kwa ajili ya somo, kwa hiyo usikimbilie kuahirisha safari yako:

A0123/24 NOTAMN
Q) HTDC/QMRLC/IV/NBO/A/000/999/0653S03912E005
A) HTDA B) 2403101800 C) 2403170300
D) DAILY 1800-0300
E) RWY 05/23 CLSD DUE WIP

Usiogope. A0123/24 ni namba tu: tangazo la 123 la mfululizo A kwa mwaka 2024. Herufi N mwishoni mwa NOTAMN inasema hili ni jipya; lingekuwa na R lingekuwa linachukua nafasi ya jingine, na C lingekuwa linafuta.

Ruka mstari wa Q kwanza, nenda kwenye A. HTDA ni Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere, Dar es Salaam. Wewe kwenye tiketi umezoea DAR, lakini hiyo ni ya mashirika ya ndege na mizigo. Marubani wana yao ya herufi nne. H ni upande huu wa Afrika, T ni Tanzania, DA ni Dar. Kenya ni HK, Uganda HU, Rwanda HR, Burundi HB. Ukishajua hilo, ukiona HKJK unajua mara moja uko Nairobi, na HUEN ni Entebbe.

B na C ni mwanzo na mwisho. 2403101800: mwaka 24, mwezi wa 3, tarehe 10, saa 18:00. Hapa Mswahili ndipo anapoteleza, kwa sababu ana saa tatu kichwani. Saa ya NOTAM ni ya dunia, UTC, ile inayohesabiwa kutoka Greenwich. Ongeza tatu upate saa ya Afrika Mashariki kwa mtindo wa kimataifa: 21:00. Kisha igeuze iwe saa ya nyumbani: saa tatu usiku. Ukipenda njia ya mkato, chukua saa ya UTC, toa tatu, na ikizidi kumi na mbili toa kumi na mbili. Kumi na nane toa tatu ni kumi na tano, toa kumi na mbili ni tatu. Saa tatu! Na 0300? Tatu toa tatu ni sifuri, yaani saa kumi na mbili, ya alfajiri. Kwa hiyo D inasema kila usiku kuanzia saa tatu hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kwa mfano wetu ni usiku saba.

E ndiyo habari yenyewe. RWY ni njia ya kurukia. 05/23 ni jina lake, nalo halikutoka hewani: ni mwelekeo wa dira, nyuzi 50 ukiitazama kutoka upande mmoja na nyuzi 230 ukiitazama kutoka upande wa pili, sifuri ya mwisho imeondolewa. CLSD imefungwa. DUE WIP, kwa sababu kazi inaendelea. Na hapo Dar njia ya pili ina urefu wa kama mita 1,000 tu, ambayo ndege kubwa haiwezi kuitumia. Kwa hiyo mstari huu mfupi wa E, kwa ndege kubwa, unasema: usiku usije.

Sasa ule mstari wa Q wenye sura ya nywila ya intaneti. Huo haukuandikwa kwa ajili yako wala kwa ajili ya rubani. Ni wa kompyuta ya kuchambua. HTDC ni eneo la anga linaloongozwa kutoka Dar es Salaam. QMRLC ni habari nzima ndani ya herufi tano: Q ni kichwa, MR ni njia ya kurukia, LC ni kufungwa. IV inasema inawahusu wanaoruka kwa vyombo na wanaoruka kwa macho. 000/999 ni kimo, kuanzia chini hadi juu bila kikomo. Namba za mwisho ni latitudo, longitudo, na nusu kipenyo cha maili 5 za baharini. Kompyuta ikiona ndege yako inapita nje ya duara hilo, inaweza kukuondolea tangazo usisumbuliwe. Wazo zuri. Tutaona lilivyoishia.

Kwa nini Q? Hapa turudi nyuma kidogo.

Baba wa NOTAM ni tangazo la mabaharia. Mamlaka ya bahari ya Uingereza ilianza kutoa matangazo yake kwa mabaharia mwaka 1834: boya limehama, taa imezimika, mwamba mpya umegunduliwa. Ramani ya bahari huchukua miaka kuchapwa upya, lakini mwamba haungoji. Kwa hiyo unachapa karatasi fupi ya kurekebisha ramani, nahodha anaibandika pembeni. Ndege zilipoanza kubeba abiria baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wizara ya Anga ya Uingereza ikachukua utaratibu uleule, ikabadilisha jina tu, na mapema miaka ya 1920 notisi kwa marubani zikawa kitu cha kawaida.

Na zilihitajika. Tarehe 7 Aprili 1922, ndege moja ilikuwa inatoka Croydon, London, kwenda Paris na barua. Nyingine ya Kifaransa inatoka Paris kwenda London na abiria. Kulikuwa na ukungu. Marubani wa siku hizo walifuata barabara na reli za chini kama mtu anayetembea gizani akishika ukuta. Wote wawili walikuwa wanafuata barabara ileile, kaskazini mwa Ufaransa, kwa kimo kilekile, kila mmoja kutoka upande wake. Wakagongana uso kwa uso, watu saba wakafa. Ndiyo ajali ya kwanza inayojulikana ya ndege mbili za abiria kugongana angani. Baada ya hapo marubani na makampuni wakakutana Croydon, wakakubaliana jambo ambalo leo linaonekana la kitoto: ukifuata njia inayojulikana, kaa kulia kwake. Kanuni nyingi za anga zina mwanzo kama huu, mtu aliyekufa kwanza, sentensi ikaja baadaye.

Huku kwetu ndege za abiria hazikuchelewa sana. Februari 1931 Imperial Airways ya Uingereza ilianzisha safari ya kutoka London mpaka Mwanza. Naam, Mwanza, kwa sababu sehemu ya njia ilikuwa ya ndege za kutua majini, na Ziwa Victoria lilikuwa kiwanja cha bure. Kufikia 1937 ndege za majini zilikuwa zinatua Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi zikielekea Durban. Jaribu kufikiria rubani wa safari ile ya siku kadhaa. Anapoondoka Misri anajuaje kama bandari ya mbele yake ina dhoruba, au mafuta yamekwisha? Kwa simu ya upepo. Na simu ya upepo ilitozwa kwa neno, ilipita taratibu, na ilipita kwenye mikono ya watu wa lugha kumi tofauti.

Hapo ndipo Q inapoingia. Waingereza walikuwa wametunga orodha ya herufi tatutatu zinazoanza na Q kwa ajili ya meli, na katikati ya mwaka 1912, wiki chache tu baada ya Titanic kuzama, mkutano wa kimataifa wa London ukaifanya ya dunia nzima. Mjerumani na Mjapani wasioelewana hata salamu wangeweza kuulizana na kujibiana habari ya mawimbi na mahali walipo. Kwa siku zile hiyo ilikuwa demokrasia kubwa. Ndege zikarithi, na hadi leo rubani anaposogea kutua anasomewa QNH, kipimo cha mgandamizo wa hewa cha kusawazisha saa ya kimo. Herufi tano za NOTAM ni wajukuu wa orodha ile.

Na herufi kubwa tupu? Umeshawahi kuona mtu anakutumia ujumbe WOTE HIVI ukadhani anakugombeza? Kumbe si hasira, ni hesabu. Mashine za kuchapa kwa waya zilitumia mfumo wa ishara tano tano, kila ishara ipo au haipo. Mbili zidisha kwa mbili mara tano ni 32. Nafasi 32 tu! Weka alfabeti 26, weka nafasi ya kuruka, weka amri ya kugeuza iwe namba, umemaliza. Herufi ndogo hazikuwa na pa kukaa. Mtandao wa mawasiliano wa viwanja vya ndege ukajengwa juu ya mashine hizo, na ujumbe mmoja ukawekewa kikomo cha alama 1,800. Kwa hiyo kila neno likakatwa mkia. Njia ya kurukia ikawa RWY, kufungwa ikawa CLSD, na kifaa kibovu kikawa U/S, ambayo abiria wa kawaida angedhani ni Marekani.

Mashine zile sasa ziko makumbusho. Mimi naandika makala hii kwenye simu yenye uwezo wa kuandika Kichina, Kiarabu na vikatuni vya kucheka. NOTAM ya leo asubuhi bado imeandikwa kana kwamba inalipiwa kwa neno.

Upande wa sheria, mwaka muhimu ni 1944. Wajumbe wa mataifa zaidi ya hamsini walikutana Chicago vita ikiwa bado inawaka, na tarehe 7 Desemba mataifa 52 yakatia saini Mkataba wa Chicago. Kutoka Afrika walikuwepo Ethiopia, Liberia, Misri na Afrika Kusini. Sisi wengine tulikuwa bado ni mali ya watu. Mkataba ulianza kazi tarehe 4 Aprili 1947 na ukazaa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga lenye makao Montreal. Kiambatisho cha 15, kinachohusu habari za anga na kuziweka NOTAM kwenye utaratibu mmoja, kilipitishwa mwaka 1953.

Lakini nataka usimame kwenye kifungu cha kwanza kabisa cha mkataba ule, kwa sababu ndicho kilichobeba uzito wote. Kinasema kila nchi ina mamlaka kamili na ya peke yake juu ya anga iliyo juu ya ardhi yake. Kifungu cha 9 kinaongeza kwamba nchi inaweza kuzuia ndege kupita sehemu fulani kwa sababu za kijeshi au usalama wa umma. Soma tena: inaweza. Mwenye kufunga anga ni mwenye nchi. ICAO haina funguo. Jirani hana funguo. Kwa nchi zilizotoka kwenye ukoloni hilo lilikuwa jambo la heshima, na mimi silibezi. Ila angalia lilivyofanya kazi siku moja ya Julai.

Mwaka 2014 kulikuwa na vita mashariki mwa Ukraine. Mwezi Juni mamlaka ya nchi hiyo ilitoa NOTAM ya kuzuia ndege za kiraia kupita chini ya futi 26,000 kwenye eneo la mapigano. Tarehe 14 Julai ndege ya kijeshi ya mizigo ikatunguliwa huko. Siku hiyohiyo NOTAM ikabadilishwa: sasa msipite chini ya futi 32,000. Juu ya hapo, karibuni. Tangazo halikueleza sababu ya maana ya zuio hilo.

Tarehe 17 Julai ndege ya Malaysia Airlines, MH17, ilikuwa inatoka Amsterdam kwenda Kuala Lumpur ikiwa na watu 298. Ilikuwa futi 33,000. Futi elfu moja juu ya mstari, kama mita 300. Ilifuata tangazo neno kwa neno. Kombora la aina ya Buk linafika zaidi ya kilomita 20 juu, na kombora halisomi NOTAM. Wote 298 walikufa. Bodi ya usalama ya Uholanzi iliyochunguza ajali ilihesabu ndege 160 zilizopita juu ya eneo lile siku hiyohiyo kabla anga haijafungwa, na ikasema Ukraine ilikuwa na sababu ya kutosha ya kufunga anga mapema kwa tahadhari. Nchi haipendi kufunga anga yake. Ni kukiri kwamba huimiliki sawasawa, na ni kupoteza ada, maana kila ndege inayopita juu inalipa. Tanzania inalipwa, Kenya inalipwa, kila mtu analipwa. Sisemi ndiyo iliyokuwa sababu kule. Nasema mwenye kuandika tangazo na mwenye kupoteza likiandikwa ni mtu mmoja, na mkataba ndivyo ulivyompanga.

Nchi nyingine zinaweza kufanya nini? Zinaweza kuwakataza watu wao tu. Tarehe 8 Januari 2020, Iran ilipokuwa imerusha makombora kwenye kambi za Marekani nchini Iraq, mamlaka ya anga ya Marekani ilitoa NOTAM kwa mashirika yake: msiruke kule. Saa mbili na ushee baadaye ndege ya Ukraine ikapaa kutoka Tehran, uwanja uko wazi, ruhusa imetolewa. Ikatunguliwa na jeshi la nchi ileile iliyoiruhusu kupaa. Watu 176. Tangazo la Marekani lilikuwa limeshatoka, ila halikuwahusu.

Hizo ni ajali ambazo tangazo halikusema ya kutosha. Kuna zile ambazo tangazo lilisema kila kitu.

Tarehe 31 Oktoba 2000, Taipei, usiku, kimbunga kinakaribia, mvua haionyeshi kitu. Ndege ya Singapore Airlines, Boeing 747, ilitakiwa kuruka kwa njia inayoitwa 05 kushoto. Ikaingia 05 kulia, inayolala sambamba, ambayo sehemu yake ilikuwa imefungwa kwa ujenzi. NOTAM ya kufungwa ilikuwepo na marubani walikuwa nayo. Waliongeza mwendo gizani wakakutana na mitambo ya ujenzi. Kati ya watu 179, 83 walikufa.

Ya San Francisco ya 2017 haikuua mtu, na labda ndiyo maana wengi hawaijui. Usiku wa tarehe 7 Julai, ndege ya Air Canada kutoka Toronto ilikuwa inatua. Kiwanja kile kina njia mbili za sambamba. Ya kushoto ilikuwa imefungwa usiku ule, taa zimezimwa. Marubani walitazamia kuona njia mbili zenye taa. Wakaona mistari miwili ya taa, wakaenda kwenye ule wa kulia kama walivyoelekezwa. Ila kwa kuwa ya kushoto ilikuwa giza, mistari miwili waliyoiona ilikuwa njia ya kulia na, pembeni yake, barabara ya ndani ambayo ndege hupangia foleni. Kwenye foleni hiyo kulikuwa na ndege nne zimejaa abiria na mafuta. Air Canada ilishuka mpaka futi kama 60 kutoka ardhini kabla ya kupanda tena. Zaidi ya watu elfu moja walikuwa kwenye hesabu hiyo, wengi wakiwa wanafunga mikanda na kuulizana kama kuna chai.

Habari ya njia kufungwa ilikuwa wapi? Kwenye karatasi za safari walizopewa marubani. Ukurasa wa 8 kati ya 27. Mwenyekiti wa bodi ya uchunguzi ya Marekani, Robert Sumwalt, alisema hadharani mwaka uliofuata kwamba NOTAM zimekuwa rundo la takataka ambalo hakuna anayelijali. Ni kauli kali kutoka kwa mtu ambaye mwenyewe alikuwa rubani wa ndege za abiria.

Kurasa zile nyingine zina nini basi? Nyasi zinakatwa. Kreni yenye taa iko kilomita kadhaa. Barabara fulani ya ndani imepunguzwa upana. Ndege waruka ovyo karibu na kiwanja, na hapa namaanisha ndege wenye manyoya. Kila moja ni kweli na kila moja ilitolewa na ofisa mwenye nia njema, ambaye pia anajua kwamba likitokea jambo ataulizwa: ulitoa tangazo? Hakuna atakayemuuliza kama lilisomeka. Nionavyo mimi ugonjwa uko hapo zaidi hata ya kwenye vifupisho. Tangazo likishakuwa ngao ya mwandishi, litaongezeka kila siku. Kanuni inasema NOTAM isizidi miezi mitatu, ya kudumu ihamie kwenye kitabu cha habari za anga cha nchi. Mwaka 2021 ICAO ililazimika kuendesha kampeni ya kufagia zile za zamani zilizoganda.

Hata hivyo hakuna rubani atakayekuambia tuishi bila hizo. Tarehe 11 Januari 2023 mfumo wa NOTAM wa Marekani ulizimika. Mafundi waliokuwa wanasawazisha hifadhi kuu na ya akiba walifuta mafaili kwa bahati mbaya. Asubuhi ile ndege zote za nchi nzima zikazuiwa kupaa kwa muda, jambo lililoripotiwa kuwa halijatokea tangu Septemba 11, 2001. Wakati huo huo kulikuwa na ugomvi wa jina: mwishoni mwa 2021 Wamarekani walilibadilisha kwa kuwa lilimtaja mwanamume peke yake, na Februari 2025 wakalirudisha la zamani. Herufi hazikubadilika, na mashine, bila shaka, haikujali.

Kwetu Afrika Mashariki mambo yalipita njia yake. Zamani anga yote ilikuwa chini ya idara moja ya usafiri wa anga, makao Nairobi, kama vile tulivyokuwa na East African Airways moja. Jumuiya ilipovunjika 1977, kila nchi ikabaki na anga yake na ikabidi ijenge ofisi yake ya kuitangaza. Kenya ina KCAA tangu 2002, Tanzania ina TCAA tangu 2003, na Jumuiya mpya ikaunda CASSOA, wakala wa usalama wa anga wenye makao Entebbe, ili kanuni zifanane tena. Wanafunzi wa droni mnaonisoma, nanyi mko humu: droni inahitaji kibali cha mamlaka hizo, na ukipewa eneo la kurusha, huenda siku hiyo mstari wa E ukawa unakuzungumzia wewe.

Kuna habari ambayo tangazo haliwezi kuiwahi. Desemba 2013 Boeing 767 ya Ethiopian Airlines ilikuwa inakwenda Kilimanjaro. Ndege ndogo ilikuwa imekwama kwenye njia ya kurukia ya KIA. Ile 767 ikaishia kutua kiwanja cha Arusha, chenye njia ya kama mita 1,600, iliyozoea ndege za watalii wa Serengeti. Ilipita mwisho wa lami ikasimama kwenye nyasi na tope. Hakuna aliyeumia, na watu wa Arusha walipata kitu cha kupiga picha kwa siku kadhaa.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, ukurasa wa kutafutia NOTAM wa FAA ya Marekani uko wazi bila malipo na unaonyesha hata za nchi nyingine. Andika HTDA au HKJK. Anza na E, kisha B na C, toa tatu kwenye saa.

Jioni ile ya kwangu tuliondoka saa mbili kasoro dakika kumi. Tulitua saa tatu kasoro. Tuliposhuka ngazi, pembeni mwa uwanja magreda mawili na lori la lami yalikuwa tayari yamewasha injini, na vijana wenye vizibao vya manjano wamekaa juu ya ndoo wanatutazama. Taa za njia ya kurukia zikazimwa nyuma yetu. Mzee akageuka, akaangalia giza lile, akamgusa kijana begani.

"Kumbe walikuwa wanatungoja sisi."